Neno la Mwisho la Axeoth: Uhakiki wa "The Winds of War"

Katika kurasa kama hizi twazoea kuhakiki tendi, kamusi na riwaya. Mchezo wa kompyuta haujapata nafasi humu, na huenda wako watakaoona kwamba hauistahili. Lakini mchezo nitakaouzungumzia ni kisa kirefu kilichosimuliwa kwa maneno, tena maneno mengi, na nyongeza yake ya mwisho ndiyo iliyofunga hadithi iliyodumu miaka kumi na saba. Namna hadithi hiyo ilivyofungwa ni jambo linalotuhusu sisi tunaoshughulika na lugha.

Yafaa kwanza tueleze nasaba yake. Kampuni ya New World Computing, iliyoasisiwa na Jon Van Caneghem huko California mwaka 1984, ilitoa mchezo wa kwanza wa Might and Magic mwaka 1986. Kutokana na shina hilo lilichipuka mwaka 1995 tawi la pili, Heroes of Might and Magic, ambamo mchezaji ni jemadari: hujenga miji, hukusanya dhahabu, mbao na mawe, na huyapeleka vitani majeshi ya viumbe vya kubuniwa, zamu kwa zamu kama katika bao. Matawi yote mawili yalishiriki historia moja. Toleo la nne la Heroes lilitoka Machi 2002. Nyongeza yake ya kwanza, The Gathering Storm, ilifuata mwaka huo huo, na ya pili, The Winds of War, ikatoka Februari 2003. Mwezi wa Mei kampuni ya 3DO, iliyokuwa imeinunua New World Computing tangu 1996, iliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika. Haki za jina zikanunuliwa na Ubisoft kwa dola milioni 1.3, na toleo la tano, la mwaka 2006, likahamia ulimwengu mpya uitwao Ashan. Axeoth, ulimwengu wa toleo la nne, haukurudiwa tena katika matoleo rasmi ya Heroes. Basi hii nyongeza ndiyo neno lake la mwisho.

Toleo la nne lilifanya jambo la ujasiri. Katika matoleo yaliyotangulia shujaa alikaa nyuma ya jeshi lake, akisoma uganga na kutoa amri. Hapa aliingia mwenyewe uwanjani, akapiga na kupigwa, akaweza kufa. Mchezo wa mikakati ukasogea karibu zaidi na mchezo wa kuigiza mhusika, kwa kuwa kifo cha shujaa ni hasara ya mtu uliyemlea, wala si ya hesabu tu. Walioupenda utaratibu wa kale walichukia, na hawakukosa sababu: mizani ya nguvu iliharibika, na mchezo ulitoka bila ya njia ya watu kushindana kwa mtandao. Hayo yameandikwa sana. Sina haja ya kuyarudia.

Lililosemwa kidogo ni ubora wa nathari yake. Kampeni sita za mwanzo, yaani misafara ya vita yenye visa vyake, ziliandikwa kwa uangalifu usiotazamiwa mahali kama hapo. Gauldoth, ambaye nusu yake ni hai na nusu ni maiti, ni mchawi wa wafu anayewatetea walio hai. Emilia Nighthaven, mtu wa kawaida anayepanda hata kuwa malkia, anapigana na mfalme asiyekufa atakaye kuwaondolea raia hiari yao ili wawe na amani. Hayo ni maswali ya utendi, na majina ya wahusika yaliyabeba bila aibu.

Sasa tutazame The Winds of War. Muundo wake kwa asili ni mzuri kuliko wote. Viongozi watano wanaushambulia ufalme mmoja, Channon, kila mmoja kwa sababu zake, na mchezaji anawaongoza kwa zamu. Yaani nchi ile ile yaonekana mara tano kwa macho ya mvamizi, na mkono ulioichoma jana ndio mkono wako mwenyewe. Mtunzi mwenye subira angepata humo kisa kikubwa juu ya dhuluma na visingizio vyake.

Lakini sikiliza majina. Mmoja aitwa Mysterio, jina la mfanya mazingaombwe wa jukwaani. Wa pili ni Spazz Maticus: neno la mtaani litokanalo na mshtuko wa misuli, ambalo huko Uingereza ni tusi kwa walemavu, limevishwa kilemba cha Kilatini. Wa tatu ni Erutan Revol. Ukizisoma herufi zake kutoka mwisho utapata maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "mpenda maumbile", na yeye ndiye kiongozi wa upande wa maumbile. Basi fumbo limekwisha.

Msomaji wetu atakumbuka kinyume, ambamo nyumba huwa "mbanyu" na kitabu huwa "bukita". Watu wa pwani walicheza hivyo zamani, na mchezo wao ulikuwa na sharti: silabi huhamishwa zikiwa nzima, kwa hiyo sikio laweza kulifuata neno na kulirudisha. Erutan Revol limegeuzwa herufi kwa herufi. Jicho pekee hulitambua, sikio halipati kitu. Tena kinyume huficha jambo ambalo wenyeji walitaka lifichwe. Hapa hakuna siri, kwani rangi ya mji wa mhusika imekwisha kuitangaza. Jina lenye kazi hiyo lamwambia mchezaji kwamba mtu huyu hakufikiriwa, na mchezaji akishaambiwa hivyo, Channon ikiungua haimuumizi.

Wako wanaotetea kwamba kampuni ilikuwa ikizama, watu wamepunguzwa kazini na muda hakuna. Utetezi huo naukubali kwa upande wa picha na mitambo. Hata lile joka jipya lililopewa tu kiambishi cha ukubwa, Megadragon, nalisamehe. Kwa upande wa maneno naukubali nusu. Sentensi njema yahitaji mwandishi na saa zake, hilo kweli, lakini mzaha wa Spazz Maticus haukuwa nafuu kuliko jina la heshima. Ulichaguliwa.

Baadaye wapenzi wa mchezo walitengeneza mabadiliko yao waliyoyaita Equilibris, wakasawazisha nguvu za viumbe na uganga. Kazi yao ni ya kusifiwa, na kwayo toleo la nne lachezeka vizuri zaidi kuliko siku lilipouzwa. Atakayeanza leo na aanze na Gauldoth, kisha Emilia. Kampeni za Channon aziache mwisho, na azisome kwa kuangalia zaidi ramani zake kuliko maandishi.