Mzigo wa Safari: Juu ya Kitabu cha Baiskeli Kilimanjaro

Kitabu cha safari ni mizani yenye sahani mbili. Katika sahani moja mwandishi huweka nchi aliyoipita. Katika ya pili hujiweka mwenyewe. Nchi ikielemea, kitabu huwa ramani. Mwandishi akielemea, kitabu huwa kioo. Wahakiki wengi huridhika wakiona sahani hizo zimelingana. Mimi nami niliridhika hivyo kwa miaka mingi, mpaka mzee mmoja wa Chole aliponiuliza swali ambalo mizani yangu haikuweza kulipima.

Kitabu nilichokuwa nikikisoma ni "Bicycles up Kilimanjaro" cha Waingereza wawili, Richard Crane na binamu yake Nicholas Crane, kilichotoka mwaka 1985. Chasimulia jinsi walivyopanda Kilimanjaro na baiskeli za mlimani hata kilele cha Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Nasema "na baiskeli", sisemi "kwa baiskeli", maana katika tofauti ya maneno hayo mawili mna kiini cha habari yote. Chini, baiskeli yaweza kumchukua mtu. Juu, katika uwanda mkavu ulio kati ya Kibo na Mawenzi, zaidi ya mita 4,000, ardhi hulala kidogo na magurudumu huweza kuzunguka tena. Lakini kutoka kambi ya Kibo, kwenye mita 4,700 hivi, changarawe huporomoka chini ya mguu, na hewa ya kileleni ni karibu nusu ya hewa ya pwani. Hapo mambo hupinduka: kipando humpanda mpandaji wake.

Kitabu hiki kina haki ya kusifiwa. Wenyewe hawakuficha kwamba sehemu kubwa ya safari walikuwa wakisukuma na kubeba. Na msafiri anayekiri kuwa alibeba kilichopaswa kumbeba ni msafiri mkweli. Tena hawakupanda kwa ajili ya jina tu. Walikuwa wakichangisha fedha kwa ajili ya shirika la Intermediate Technology, lililoanzishwa mwaka 1966 na mchumi E. F. Schumacher. Shirika hilo liliamini kwamba maskini hufaidiwa zaidi na chombo kidogo wanachoweza kukitengeneza wenyewe kuliko mtambo mkubwa usioeleweka kijijini.

Mwaka 1986 binamu hao walifunga safari nyingine. Walitoka Bangladesh, wakavuka Himalaya na njia za juu za Tibet, wakafika sehemu ya China iliyo mbali kupita zote na bahari: kilometa 5,300 hivi kwa siku 58. Katika safari hiyo walipunguza kila kilichoweza kupunguzwa, hata vitu vidogo ambavyo mtu hadhani vina uzito. Huo ndio moyo wa fasihi ya aina hii. Uzito ni adui, wepesi ni ushindi, na shujaa ni yule aliyefika mbali kabisa akiwa na kidogo kabisa.

Basi nilikwenda Chole. Nasema Chole ya Kisarawe, siyo kisiwa cha Chole kilichoko Mafia. Nilimwamkia baba yangu mdogo, nikaketi naye barazani, nikamsimulia habari za kitabu. Mzee huyu katika ujana wake alichukua mkaa na mihogo kwa baiskeli, akipita Mzenga na Maneromango mpaka Kisarawe, na kutoka hapo akavuka vilima vya Pugu kuingia Dar es Salaam. Vilima hivyo havifiki hata mita 400, lakini mwenye magunia mawili nyuma yake hapimi mlima kwa mita. Alinisikiliza kwa adabu hata mwisho, kisha akauliza:

"Mwanangu, walikuwa wamepakia nini?"

Nikamjibu kwamba hawakupakia kitu cha kuuza. Walipanda ili wafike. Akatikisa kichwa. "Na chakula chao alichukua nani?"

Kwa mara ya kwanza nikamwona mzee asiyesoma kitabu akikihakiki kuliko mimi niliyekisoma. Haikuwa dharau. Kwake yeye baiskeli isiyo na mzigo ni sentensi isiyo na kitenzi, na safari huanza kueleweka pale inapojulikana nani amechukua nini, kwa ajili ya nani.

Ukizitazama safari za milimani kwa swali hilo, utaona upungufu ulio mkubwa kuliko kitabu kimoja. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, na majina yao yakaingia vitabuni. Huko juu kambini, katika baridi ambayo mtu wa pwani hakuizoea, alikaa Mwini Amani wa Pangani, mpishi na mlinzi wa kambi. Twamjua kwa kalamu ya wengine. Safari yake kwa ulimi wake hatunayo. Hata leo, wapagazi ndio wanaoubeba mlima, nao wamewekewa kikomo cha kilo 20. Lakini msomaji akitafuta katika masimulizi ya wageni hukuta kilo hizo, asimkute mwenye bega.

Wala mtu asidhani kwamba Kiswahili hakina urithi wa kulijibu swali hili. Katika "Safari za Wasuaheli", mkusanyo wa Carl Velten uliotoka mwaka 1901, Selim bin Abakari asimulia jinsi alivyokwenda Urusi na Siberia akifuatana na bwana wake Mjerumani. Yeye alisafiri akiwa mtumishi, na mtumishi huona mizigo kwanza, kwa kuwa ndiye atakayeulizwa ikipotea. Huko ndiko fasihi yetu ya safari ilikoanzia: kwa macho ya mwenye dhamana ya mzigo.

Nakiri kosa langu. Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi kazi ya kuandika insha ya safari. Mmoja akaandika juu ya baba yake: jinsi alivyofunga magunia kwenye keria kwa mipira iliyokatwa kutoka tairi kuukuu, jinsi alivyosukuma kupanda Pugu usiku, na jinsi breki zilivyomtupa upande wa pili. Nikamwandikia pembeni kwa wino mwekundu: "Hii ni kazi, siyo safari." Nikampunguzia alama. Nilikuwa nimefundishwa na vitabu kwamba safari ni ya mtu mwepesi.

Kitabu cha akina Crane sikitupi. Kina ukweli na uchangamfu, na shabaha yake ilikuwa njema. Lakini ajabu yake ni hii: chombo kidogo alichokitaka Schumacher, kinachotengenezwa chini ya mwembe kwa spana moja, kilikuwa Chole tayari kikipanda kilima chake kila usiku, wala hakikupata mwandishi. Lawama hiyo si ya Waingereza wawili. Ni yetu sisi tuliokuwa na lugha, na kalamu, na wino mwekundu.