Mpangaji Asiyetajwa: Muziki wa Filamu za Kihindi katika Taarabu ya Mombasa

Kuna hukumu ambayo imerudiwa mara nyingi mintarafu ya taarabu ya Mombasa iitwayo "ya Kihindi", nayo ni kwamba si utunzi bali ni uigaji. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ndiye aliyebebeshwa sehemu kubwa ya lawama hiyo. Husemwa kwamba aliyatwaa mahadhi ya sinema, akayavika maneno ya Kiswahili, akayaimba arusini Kuze, Kibokoni na kwingineko Mjini Kale. Wahakiki wa fasihi nao wamelikwepa suala hili kwa njia nyepesi: huyatoa mashairi katika nyimbo, wakayachambua kana kwamba hayakuwahi kuimbwa. Pande zote mbili hazijauliza swali ambalo lilistahili kutangulia: huo muziki wa filamu wenyewe hutungwa vipi, na ni nani anayeutunga?

Tukiangalia studio za Bombay (jiji liitwalo Mumbai tangu 1995) katika miongo ya 1950 na 1960, twaona kwamba jina lililoandikwa kwenye filamu lilikuwa la mkurugenzi wa muziki: Naushad, C. Ramchandra, au wawili Shankar na Jaikishan. Aghalabu huyo alibuni mahadhi kwa kinanda cha mkono au kwa kuyavumisha kwa mdomo tu. Kutoka hapo kazi iliingia mikononi mwa mpangaji wa ala, ambaye mara nyingi alikuwa Mgoa aliyejifunza kusoma na kuandika nota katika shule za kanisa. Sebastian D'Souza aliwapangia Shankar na Jaikishan kwa miaka mingi. Ndiye aliyeamua fidla ziingie wapi, ni sauti gani ya pili itembee chini ya mwimbaji, na kati ya ubeti na ubeti pajazwe nini. Anthony Gonsalves, mpiga fidla na mpangaji, alimfundisha Pyarelal, na mwanafunzi huyo ndiye, pamoja na Laxmikant, aliyetia jina la mwalimu wake katika wimbo mashuhuri wa filamu *Amar Akbar Anthony* (1977). Mamilioni waliliimba jina hilo wakilidhani ni la mhusika wa kubuni. Sidhani kama kuna mfano mwingine ulio wazi zaidi wa mtu kujulikana na wote bila ya kujulikana na yeyote.

Jambo la pili lina uzito mkubwa zaidi kwa hoja yetu. Katika studio hizo mahadhi ndiyo yaliyotangulia kwa kawaida, na mshairi akaja baadaye kuyajaza maneno. Shailendra na Hasrat Jaipuri, washairi wa *Awaara* (1951), waliizoea kazi ya kupima mizani juu ya sauti iliyokwisha kutungwa. Sasa, ikiwa malenga wa Mombasa, kama vile Ahmad Nassir aliyemtungia binamuye Bhalo mashairi, naye aliyapokea mahadhi yaliyo tayari kisha akayatungia maneno, je, alifanya nini ambacho mwenzake wa Bombay hakukifanya? Anayemwita mmoja mshairi na mwingine mwigaji hana budi atuonyeshe tofauti hiyo iko wapi.

Isitoshe, kazi ya mpangaji ilifanywa Mombasa pia, ila kwa kuelekea upande wa pili. Naushad alisifika kwa kutumia okestra ya wapigaji 100 katika *Aan* (1952). Kikundi cha arusini kilikuwa na kinanda, tabla, tashkota na ala nyingine chache. Kuushusha umati wa fidla mpaka ukaenea katika nyuzi za tashkota si kunakili, ni kuchagua. Kila kipande cha okestra lazima kiulizwe kama kitabaki, kitahamia ala nyingine au kitaachwa kabisa. Waliofanya uchaguzi huo hawatajwi, kwa maana msikilizaji wa kanda huujua wimbo kwa jina la mwimbaji, na mara chache kwa jina la mtunzi.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika bahari. Shairi letu lililozoeleka lina mishororo minne, kila mmoja mizani 16 iliyogawika vipande viwili, na kibwagizo hufunga ubeti. Wimbo wa filamu, kinyume chake, huanza na kiitikio, kisha huenda kwenye beti na kurejea. Mshairi hana budi aamue: ahamishe kibwagizo mbele, avunje mizani, au atunge wimbo mpya ambao haumo katika orodha ya bahari zetu. Uamuzi huo hauonekani katika shairi lililochapwa. Husikika tu, na ndiyo maana mhakiki asiyesikiliza huona "dosari ya mizani" mahali palipo na ufundi.

Sauti nazo zina neno la kusema. Kimvita hutofautisha *paa* la nyumba na *p'aa* wa porini, *tembo* la mnazi na *t'embo* mwenye mkonga. Hutenga pia t ya meno na t ya ufizi. Kihindi kina upambanuzi unaokaribiana na huo. Kwa hiyo mwimbaji wa Mombasa aliifuata filamu akiwa na masikio yaliyokwisha kuandaliwa na lahaja yake.

Haimaanishi kwamba kila wimbo ulifaulu. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mahadhi yanayorefusha silabi ya mwisho huulegeza hata neno likasikika geni kwa wenyewe. Katika nyimbo dhaifu za aina hii kosa hilo hurudi kila ubeti. Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, aliifuata njia ya udi na mahadhi ya Lamu na Uarabuni, na nyimbo zake hazina ulegevu huo. Ila nyimbo zake hubaki na msikilizaji aliyetulia kuusikiliza udi, hali wimbo wa Bhalo humkuta mtu aliyekwisha kuiona filamu, anayemkumbuka shujaa akilia kwenye pazia, na ambaye papo hapo anaambiwa kwa Kimvita habari ya jirani yake.