Mjeledi wa Adili: Safari ya Ajabu Inapoishia Nyumbani

Mwalimu mwenzangu, mwulize mtahiniwa akueleze habari za *Adili na Nduguze* (1952) ya Shaaban Robert. Atakujibu upesi: Adili ni mwadilifu, Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu. Majazi yameishia hapo. Jibu hilo si la kukatwa alama, lakini limesoma majina, halijasoma hadithi.

Tuitazame kwanza kama kisa cha fantasia. Kijana anasafiri baharini, anaingia katika mji ambao wakazi wake wamegeuka mawe, anamkuta humo binti mmoja aliyesalimika, Mwelekevu, kisha anatoswa baharini na ndugu zake. Anaokolewa na Huria, jini ambaye awali yeye mwenyewe alimponya. Anayependa nadharia ataziona hapa nyingi za zile kazi 31 ambazo Vladimir Propp aliziorodhesha mwaka 1928 alipochunguza ngano za Kirusi. Orodha hiyo inafaa, lakini usiwaachie wanafunzi waikariri kama majina ya mito.

Kwa nini? Kwa sababu kwa Propp shujaa hurejea, akaoa, mambo yakesha. Adili anarejea, na hapo ndipo mtihani unapoanza. Nduguze wamegeuzwa manyani, naye ameamriwa awachape kila usiku. Asipotii, ataadhibiwa yeye. Anawachapa, kisha anawalisha na kuwabembeleza. Jiulize, msomaji: mtu huyu ni mwadilifu kwa kuchapa au kwa kubembeleza? Mwanafunzi akilijibu swali hili kwa ushahidi, amekwisha kupita hatua ya kuorodhesha sifa za mhusika. Mimi naona uadilifu wake umo katika kule kutoyazoea mapigo anayoyatoa.

Tazama pia muundo. Hatuanzi na safari. Tunaanza na Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, aliyekwenda kudai kodi akashuhudia kichapo kile usiku. Yote ya baharini na ya mji wa mawe tunayapata baadaye, Adili anapojieleza mbele ya mfalme. Basi maajabu hayasimuliwi kwa kutufurahisha tu. Ni utetezi wa mshtakiwa. (Wengi huandika “mbinu rejeshi” wakatua kalamu. Hiyo ni robo ya jibu.)

Jambo la mwisho ni asili ya kisa. Kinafuata kwa karibu hadithi ya Abdullah bin Fazil katika *Alfu Lela Ulela*, na wapo wanaoona hilo ni doa. Walinganishe basi. Kule ndugu ni mbwa, huku ni manyani, badiliko dogo. Kubwa ni hili: kule, wakishasamehewa, ndugu wanamshambulia tena Abdullah, na mwisho wao ni kuuawa. Kwa Shaaban Robert msamaha, uliopatikana kwa waraka wa Rai na si kwa upanga, unadumu. Mwandishi aliyekopa kisa kizima akakataa mwisho wake ametuonyesha alipokuwa na neno lake mwenyewe.

Swali la kujaribia darasani: “Adili anastahili lawama kuliko Huria.” Jadili. Wape dakika 40, na uwakataze kutumia neno “mwadilifu” katika aya ya kwanza.