Gunia la Viazi Ndani ya Duara

Tuseme kuna programu ya bei za viazi kwenye simu ya mkulima wa Mau Narok. Jirani zake kwenye skrini ni M-PESA na WhatsApp, ambazo anazijua hata bila kusoma majina. Ikoni ya mgeni huyu ichorweje?

Wachoraji wengi wangekimbilia kiazi. Mimi nakikataa, kwa sababu kiazi kikipunguzwa kikawa kama ukucha hufanana na jiwe. Gunia linatambulika upesi, tena lina uzito wake huku. Kanuni za viazi za Kenya za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa kikomo cha gunia ili kukomesha lumbesa, ile nyongeza inayorundikwa juu ya mdomo na kumpunja mkulima. Basi lichorwe gunia lililoshonwa mdomo sawasawa. Mwenye kuchora kilima juu yake anamwonyesha mkulima dhuluma anayoikimbia, na simu nayo itakikata kilima hicho.

Kukatwa huko kunahitaji maelezo. Zamani ikoni ya Android ilikuwa picha moja tu. Mwaka 2017, Android 8.0 ilileta ikoni ya matabaka mawili, la mbele na la nyuma, kila moja dp 108 kwa 108. Dp ni kipimo kisichotegemea wingi wa pikseli za skrini. Umbo huamuliwa na simu: hii hukata duara, ile mraba wenye pembe za mviringo. Kinachoonekana ni dp 72 za katikati, maana dp 18 za kila upande ni akiba. Hata humo, sehemu isiyoguswa na umbo lolote ni duara lenye kipenyo cha dp 66. Gunia zima likae humo, uzi wa mshono ukiwemo. Tabaka la nyuma, tuseme la kijani, lijae mpaka ukingoni.

Faili ya XML inayounganisha matabaka huwekwa kwenye folda ya mipmap-anydpi-v26. Simu zilizotangulia Android 8.0 bado zinahitaji picha za kawaida za PNG, kuanzia pikseli 48 hadi 192. Kisha mstari mmoja ndani ya AndroidManifest.xml unamaliza kazi: android:icon="@mipmap/ic_launcher". Jina la programu lisiandikwe ndani ya picha. Simu yenyewe huliandika chini yake.

Tangu Android 13 ya mwaka 2022, mwenye simu anaweza kutaka ikoni zifuate rangi za mandhari yake. Hapo unaongeza tabaka la tatu, la rangi moja. Hudhurungi ya gunia na kijani cha nyuma havipo tena, limebaki umbo tupu. Kwa hiyo mshono usipakwe rangi hafifu. Utobolewe ndani ya umbo, rangi ya nyuma ipenye. Bila matundu hayo, gunia linakuwa bonge, na tumerudi kwenye jiwe.