Keki ya Mkeka

Kwanza unashuka mstari mmoja wa wima kwenye ubavu wa keki, kutoka ukingoni juu mpaka kwenye sinia. Kisha vijistari vifupi vya mlalo vinauvuka mstari ule: kimoja, nafasi, kingine, nafasi. Mstari wa pili wa wima unafunika ncha za vile vifupi, na vijistari vipya vinajichomeka katika nafasi zilizoachwa. Fundi hazungumzi. Akizungumza mkono utatikisika, na mkono ukitikisika ukili utapinda. Ikipita saa moja na ushei, krimu iliyokuwa kwenye bakuli la plastiki imegeuka mkeka unaoizunguka keki nzima, na mtu akiutazama kwa karibu atatamani kupapasa aone kama ni miyaa kweli.

Fundi huyu ni mama mtu mzima wa Nachingwea, aliyesuka mikeka ya ukindu tangu usichana wake, miaka mingi kabla hajashika bomba la kupambia keki. Keki iliyo mbele yake inakwenda Ruangwa, kwenye bebi shawa ya Jumamosi. Mwenye shughuli alitoa sharti moja tu: isiwe ya pinki, isiwe ya bluu. Hajui anatarajia mtoto wa kike au wa kiume, na wala hataki kujua. Vijana wa mjini wangehangaika kutafuta picha kwenye simu. Mama huyu hakuhangaika. Alimjibu mteja wake kwamba atamfanyia mkeka, kwa kuwa hakuna mtoto asiyelazwa mkekani.

Jibu hilo lina adabu ya kale ndani yake. Katika nchi hii ya Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde, mimba haikuwa jambo la kupigiwa tarumbeta. Tumbo lilisitiriwa kwa kanga, nguo za mtoto hazikununuliwa mapema, na aliyeuliza sana alitiliwa shaka kuwa ana kijicho. Shughuli ilikuwapo, lakini ilikuwa ya mama. Wayao wanayo litiwo, mafunzo ya mwanamke mwenye mimba ya kwanza, anapokalishwa na wanawake waliokwisha kuzaa akaambiwa yale ambayo unyago haukuyamaliza. Hapakuwa na mtu wa kuuliza tumboni mna nani. Aliyefundwa alikuwa mzazi, na mtoto alisubiriwa kwa heshima kama mgeni ambaye hajabisha hodi.

Tofauti za kike na kiume zilikuja baadaye, kila moja kwa wakati wake. Kwa Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, akika ya mtoto wa kiume ni mbuzi wawili na ya mtoto wa kike ni mbuzi mmoja, na huchinjwa siku ya saba, mtoto akiwa ameshaonekana. Ikifika arobaini mama hutoka na mtoto wake, na wanaokuja kumtazama huleta sabuni na kanga za mbeleko bila kuchagua rangi. Jando na unyago vilingoja miaka. Hapakuwa na haraka ya kumgawa mtu upande kabla hajapumua.

Bebi shawa yenyewe ni ngeni. Ilifuata nyayo za kicheni pati, ambayo nayo ilichukua baadhi ya kazi za kungwi na kuzihamishia ukumbini, penye viti vya plastiki, sare za kitenge na mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Wageni hawa wawili wamepokewa vizuri Nachingwea na Ruangwa. Hela ya ufuta ikitoka, kisha ya korosho mwishoni mwa mwaka, minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI ikienda vizuri, kadi za michango huanza kutembea. Lawama haiko kwenye sherehe. Iko kwenye mzigo ambao sherehe ilikuja nao, yaani zile rangi mbili.

Watu wengi wanadhani pinki na bluu ni sheria ya tangu na tangu. Mwaka 1918 jarida la Marekani la wafanyabiashara wa nguo za watoto, Earnshaw's Infants' Department, liliwaambia wasomaji wake kinyume kabisa: pinki ni ya wavulana kwa sababu ni rangi yenye nguvu, na bluu ni ya wasichana kwa sababu ni laini. Wauza nguo walizigeuza baadaye, na dunia ikafuata. Keki ya kutangaza jinsia ni changa zaidi. Mwaka 2008 Mmarekani Jenna Karvunidis alikata keki mbele ya ndugu zake, ndani ikatokea krimu ya pinki, akaandika habari hiyo mtandaoni na mtindo ukaenea. Mwaka 2019 mama huyohuyo alisema hadharani kwamba amebadili mawazo. Binti aliyetangazwa kwa pinki alikuwa amekua na anapenda kuvaa suti. Mwenye mtindo ameshauacha, na huku kusini bado kuna watu wanaoagiza unga wa rangi kutoka Kariakoo ili waurushe hewani.

Nachingwea ina kisa chake na keki, ingawa hakisimuliwi hivyo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, aliishauri serikali ya Uingereza ilime karanga Tanganyika. Vita vilikuwa vimewaacha Waingereza na uhaba wa mafuta na majarini. Misitu ikafyekwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ikajengwa Mtwara na reli ikalazwa kuja bara. Januari 1951 mradi ukatupwa, paundi milioni 36 zikiwa zimeteketea, na baadaye hata reli ikang'olewa. Ardhi iliyokusudiwa kuwapakia Waingereza majarini kwenye mkate wao, leo inanunua majarini dukani kwa kopo. Fundi wa keki hulifungua kopo la Blue Band, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mali ya Unilever ileile, akalikomba mpaka ukutani, kwa sababu bei yake anaijua.

Karanga zenyewe hazikuondoka na Wazungu. Zimebaki kwenye vishamba vya kina mama, na fundi huyu huzikaanga, akazitwanga nusunusu na kuzinyunyiza kati ya tabaka mbili za keki. Hapo ndipo elimu yake ya rangi inapoanzia. Akiambiwa asitumie pinki wala bluu hatembei kutafuta chupa ya rangi nyingine. Anatazama kilichomo jikoni. Nazi iliyokunwa na kukaushwa humpa weupe usio mkali. Ufuta uliokaangwa kidogo humpa rangi ya mchanga. Korosho zilizosagwa humpa rangi ya maziwa yaliyochemka, na sukari iliyounguzwa kwa uangalifu humpa kahawia ya ukindu mkavu. Manjano chembe tu, kwa ncha ya kijiko, hutoa njano ya alfajiri bila kuacha harufu ya pilau. Mkeka wake wa krimu una rangi tatu za namna hiyo, na hakuna hata moja iliyotoka kiwandani.

Ana mitindo mingine. Wapo wanaomwomba shada la maua ya ufuta, meupe, yenye umbo la kengele, yaliyopandana kwenye shina moja kama yanavyopandana shambani. Wapo wanaotaka tawi la mkorosho, bibo la njano na korosho yake ya kijivu ikining'inia chini. Bibo hilo huliumba kwa unga wa sukari uliokandwa, akalipaka ute wa yai ling'ae. Lakini mtindo anaousifu mwenyewe ni wa mbeleko. Husukuma ule unga wa sukari ukawa mwembamba kama kitambaa, akauzungusha kwenye keki kuanzia kiunoni, akaukunja mikunjo ya mgongoni na kumalizia kwa fundo moja ubavuni. Pindo la kanga hulichora kwa brashi, na pale penye jina la kanga huacha nafasi tupu. Mteja akitaka maneno atayataja mwenyewe.

Mbeleko, mkeka, ufuta, bibo. Hakuna hata kimoja hapo kinachouliza mtoto ni nani.

Chini ya mapambo hayo kuna keki, na hapa ndipo wapambaji wengi wa siku hizi wanapoumbuka. Fundi huyu alijifunza kuoka kwa mkaa. Sufuria kubwa lenye mchanga mkavu, vijiwe vitatu ndani yake, chombo cha keki juu ya vijiwe, mfuniko wa bati, na makaa juu ya mfuniko. Moto wa juu lazima uwe mwingi kuliko wa chini, la sivyo kitako kitaungua kabla uso haujaiva. Hana kipimajoto. Huleta kiganja karibu na bati, akahesabu kimoyomoyo, akaongeza kaa moja au akapunguza mawili. Harufu ikibadilika kutoka ya mayai kuwa ya sukari, huchoma keki kwa chelewa iliyooshwa; ikitoka kavu, anaepua. Sasa anayo oveni ya umeme, aliyozawadiwa na watoto wake, lakini sufuria la mchanga hajalitoa jikoni. Umeme ukikatika keki ikiwa imeumuka nusu, hakuna kinachoiokoa isipokuwa makaa.

Na kuna kupiga majarini na sukari. Kazi hiyo huifanya kwa mwiko, ameketi kwenye mkeka wa kweli, sufuria kati ya miguu, mpaka ile njano ya majarini ififie iwe karibu na nyeupe na chembe za sukari zisisikike tena mwikoni. Wasichana wanaokuja kujifunza kwake huuliza mapema mashine iko wapi. Anawaonyesha ilipo. Anachowataka ni waisikie kwanza chembe ya mwisho ya sukari inavyopotea chini ya mwiko, ili siku mashine ikiharibika wajue wanatafuta nini. Wengi hawarudi siku ya pili.

Safari ya kwenda Ruangwa ni mtihani mwingine. Barabara kati ya miji hii miwili imejulikana kwa udongo mwekundu kwa miaka mingi, na joto la Oktoba na Novemba kabla ya mvua halina huruma na krimu. Fundi huchanganya mafuta mazito ya kopo ndani ya majarini ili mkeka wake usiteleze, husafirisha keki alfajiri, na huikalisha kwenye boksi lililotandikwa kitambaa chenye unyevu ili sinia isitembee. Hapandi nyuma ya bodaboda na keki. Hulipia kiti cha mbele cha gari, boksi magotini, na dereva anaambiwa mapema kwamba shimo moja la haraka litamgharimu nauli.

Ruangwa yenyewe imebadilika. Wengi walio nje ya Lindi waliisikia ilipopanda Ligi Kuu timu ya Namungo mwaka 2019, au kwa kuwa mbunge wake wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuwa Waziri Mkuu. Wageni wanaofuata madini ya kinywe, ufuta na korosho wamekuja na ladha zao, na kumbi zimeongezeka. Katika kumbi hizo keki huwekwa juu ya meza yenye taa, na kabla haijakatwa hupigwa picha nyingi kuliko mama mwenye mimba. Jambo hilo lingempa fundi heshima kama kazi yake ndiyo ingepigwa picha.

Lakini kinachopigwa picha mara nyingi ni plastiki. Kibao cha dhahabu ya bandia kimechomekwa juu, kimeandikwa maneno ya Kiingereza. Ubavuni imebandikwa karatasi ya kuliwa yenye picha ya dubu, mnyama ambaye hakuna mtoto wa Lindi atakayemwona porini, ilhali tembo wa Selous walipita mashambani mwa babu zao. Keki ndani ni ya unga wa pakiti, nyepesi na tamu kupita kiasi, na sehemu yake kubwa hurudi jikoni ikiwa imetobolewatobolewa tu. Hata ile inayoitwa keki isiyo ya kike wala ya kiume sasa inauzwa dukani kwa fungu: njano hii, kijani hiki, kibao hiki chenye alama ya kuuliza. Wamekwepa pinki na bluu, wakaangukia kwenye boksi lingine lililofungwa na mtu asiyemjua mtoto, mama, wala kijiji.

Fundi hawalaumu vijana kwa sauti. Anajua hesabu. Keki ya mkeka, tangu kuoka mpaka kupamba, inamla nusu siku, na mteja anayeonyeshwa bei yake huuliza kwa nini ni ghali kuliko ile yenye kibao, ambayo humalizika kwa dakika chache. Anapunguza. Akishapunguza, nauli ya kiti cha mbele inatoka mfukoni mwake. Miongoni mwa wanawake waliokuwa wakioka kwa mchanga pamoja naye, baadhi wameshafariki, wengine macho hayaoni tena ulalo wa mstari, na mmoja amehamia Masasi kwa mwanawe ambako anapika maandazi ya asubuhi kwa sababu yana mteja wa kila siku. Binti yake mwenyewe anapamba keki, na anapata oda nyingi kuliko mama. Anachukua zile za vibao. Oda ya mkeka ikija humpelekea mama, akisema mkono wake hauna subira hiyo, na mama huipokea bila kumbishia, kwa kuwa msimu uliopita oda za namna hiyo zilikuwa chache mno kuweza kumfundishia mtu.