Anza na Shati

Novemba mwaka juzi tulimzika baba mdogo nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Nilitoka Migori alfajiri kwa matatu, tukapitia Awendo, Rongo na Rodi Kopany, nami nimevaa ovakoti ya sufu, rangi ya kahawia, inayofika magotini. Ndani yake sweta jeusi la shingo ndefu. Ndani ya sweta, shati. Luku imekamilika, ama ndivyo nilivyodhani. Kufika saa nne jua la ziwani lilikuwa limeshapanda na mimi nilikuwa natiririka jasho. Shangazi akanishika paji la uso mbele ya watu wote. "Nyathina, una malaria?"

Nikavua koti. Nikazunguka nyuma ya hema nikavua na sweta. Hapo ndipo aibu ilipoanza, kwa sababu shati sikuwa nimelipiga pasi. Nilipige pasi la nini, na halionekani? Muda si muda mshereheshaji akataja jina langu, nizungumze kwa niaba ya watoto wa ndugu. Nikasimama kando ya jeneza la mtu aliyekuwa nadhifu kuliko wote katika ukoo wetu, shati langu limekunjamana kama karatasi ya kufungia mandazi. Yeye alikuwa amelala ndani ya suti iliyonyooka. Nilichosema siku hiyo sikumbuki. Nakumbuka nilikuwa nimekunja mikono kifuani ili kuficha mikunjo.

Luku hiyo sikuiota. Wiki tatu kabla ya mazishi nilikuwa nakesha na simu nikitazama video za mitindo ya wanaume ya msimu wa vuli. Ukishazitazama kumi, umezitazama zote. Kuna jamaa mrefu anayetembea polepole kwenye barabara yenye majani makavu, kikombe cha kahawa mkononi. Anakwambia vitu ni vitano: ovakoti, sweta la shingo ndefu, suruali nzito ya kodroi, buti za swedi, skafu. Rangi ziwe za udongo. Halafu anakufundisha kuvaa tabaka juu ya tabaka.

Tatizo la kwanza liko kwenye neno lenyewe. Tukitafuta Kiswahili cha msimu huo wa Ulaya na Marekani, mara nyingi tunaazima "vuli". Lakini vuli yetu ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, zile ambazo Waluo huita opon. Vuli yao ni majani kupukutika na baridi kubisha hodi. Vuli yetu ni jua kali asubuhi, wingu jeusi saa tisa, na matope jioni. Homa Bay kando ya ziwa, mchana unaweza kugonga nyuzi 30. Migori iko juu kidogo na jioni zake zina ubaridi, lakini si ubaridi wa skafu. Na buti za swedi kwenye udongo mweusi ulionyeshewa? Jaribu mara moja, utaniambia.

Sasa mtu atauliza: kama huo msimu si wetu, hilo koti lilifikaje Migori? Lilifika kwa robota. Nguo za vuli za wengine hutufikia miaka kadhaa baadaye, zimevaliwa, zimechokwa, zimefungwa kwa waya na kuvuka bahari hadi Mombasa. Robota linapofunguliwa sokoni, wanaojua huwahi mapema kuchukua kamera, yaani zile safi za kwanza. Sisi wengine hupata za katikati. Mwishoni hubaki fagia, zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Koti langu lilikuwa kamera. Lilinitoka ngiri moja na soo nane, pesa ambayo mwalimu wa intaani haipati kwa kulala.

Sisemi hivi kudharau mitumba. Machi 2020, serikali ilipositisha uingizaji wake kwa sababu ya korona, ndipo wengi walipoona ni nyumba ngapi zinakula kutoka kwenye marobota, na kufikia Agosti mlango ulikuwa umefunguliwa tena. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuachana na mitumba polepole. Rwanda ikashikilia uamuzi huo, na mwaka 2018 Marekani ikaiondolea nafasi ya kuuza nguo zake kule bila ushuru. Kwa hivyo koti la mtumba lina siasa ndani ya bitana yake. Na Kisumu, si mbali na hapa, kulikuwa na kiwanda cha nguo za pamba, KICOMI, kabla hakijafunga milango. Pamba ililimwa hukuhuku Nyanza Kusini. Kitambaa kinachofaa hali yetu ya hewa tuliwahi kukifuma wenyewe.

Nirudi kwa wale jamaa wa video. Hawadanganyi. Wanasema ukweli wa mahali pengine, na baadhi ya ukweli huo unasafiri vizuri. Wanasema mshono wa bega ukae pale bega linapoishia. Kweli. Wanasema rangi zisizidi tatu. Kweli pia, na kahawia hupendeza sana kwenye ngozi nyeusi. Ninapokosana nao ni kwenye mpangilio. Ushauri wao unaanza na kitu cha nje kabisa. Koti ndilo hoja, na vilivyomo ndani ni maelezo tu. Kwenye baridi hilo linafanya kazi kwa sababu koti halivuliwi mpaka mtu afike nyumbani. Huku kwetu jua litakuvua. Swali la mtu anayevaa Homa Bay ni hili: ukishavuliwa koti, umebaki na nini?

Wanaume wa pande hizi walishalijibu swali hilo kabla ya intaneti. Watu husema Mjaluo na nyadhi, na mara nyingi husema kwa kucheka, kana kwamba kupenda kuvaa ni udhaifu wa kabila. Mimi naona ni fikra. Tazama picha za Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Kisiwa cha Rusinga, humu humu Homa Bay. Aliuawa 1969 akiwa na miaka 38, na katika picha nyingi suti yake imemkaa kana kwamba alizaliwa nayo. Halafu tazama Jaramogi Oginga Odinga na kofia yake ya shanga na usinga mkononi. Wote wawili walijua mavazi ni hoja, ila walibishana kwa vitambaa tofauti. Na ubishi haujaisha. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliwakataza wabunge kuingia na suti za Kaunda, akasisitiza koti, kola na tai. Yaani hadi leo, nchi iliyo kwenye ikweta, heshima ya mwanamume inapimwa kwa nguo iliyobuniwa kwa ajili ya baridi.

Baba mdogo hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye suruali tatu na mashati matano. Kila Jumapili jioni alipiga pasi ya makaa mashati yote matano, akianza na kola, kisha mikono, na mgongo mwisho. Nikiwa mdogo nilimuuliza kwa nini anapiga pasi hata sehemu itakayofichwa na koti. Akaniambia, "Wewe anza na shati. Koti ni mgeni, litaenda." Nilimuona mzee mwenye mambo mengi. Ilibidi nisimame kando ya jeneza lake ndipo nimwelewe.

Kwa hivyo ushauri wangu wa msimu huu ni mfupi. Nunua shati la pamba au kitani kabla ya koti, na ulipige pasi lote. Ukienda sokoni, usiangalie lebo. Geuza nguo ndani nje uone mshono, kisha inyooshe kwenye mwanga uone matundu. Suruali ikiwa ndefu, usiikunje, mpe fundi. Ukitaka koti, tafuta jepesi lisilo na bitana, ama lenye bitana ya nusu. Viatu viwe vya ngozi inayofutika kwa kitambaa. Na ule ubaridi wa jioni, sweta jembamba begani linatosha.

Baada ya mazishi, nguo za baba mdogo ziligawanywa kati yetu wanaume. Nikapata koti la suti, la kijivu, jepesi. Wazee wengine huita mitumba "kafa Ulaya", kwa ile imani kwamba mwenyewe alikufa huko ndipo nguo zikaja. Hili sasa lilikuwa kafa Homa Bay, na aliyekufa nilimjua. Nikalipeleka kwa fundi mmoja Migori. Akalipima, akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, mikono nitapunguza. Mabega siwezi, yatakula pesa kuliko koti lenyewe. Huyu alikuwa mpana kukushinda." Nikamwambia ayaache hivyo hivyo.

Ovakoti nimeliuza kwa jamaa anayehamia Eldoret. Kule litapata kazi. La baba mdogo huvaa Jumatatu, siku ya gwaride shuleni. Linanipwaya kidogo mabegani na wanafunzi wameshaona. Kufikia saa nne joto huwa limenishinda, nalitundika kwenye kiti na kuendelea kufundisha nikiwa na shati. Hilo huwa nimelipiga pasi Jumapili jioni, mgongo pia.