Istiara na Mipaka Yake: Uhakiki wa Shamba la Wanyama

Riwaya fupi ya George Orwell, Animal Farm, ilichapishwa London mnamo Agosti 1945, baada ya kukataliwa na wachapishaji kadhaa. Wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1967 katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere, Shamba la Wanyama, iliyotolewa Nairobi na East African Publishing House. Mwaka ule ule Azimio la Arusha lilitangazwa nchini Tanzania. Hivyo basi, kisa cha mapinduzi yaliyosalitiwa kiliwafikia wasomaji wetu wakati ambapo mapinduzi yalikuwa bado ni neno la matumaini.

Desturi ya madarasani ni kuifumbua riwaya hii kama kitendawili: Napoleon ni Stalin, Snowball ni Trotsky, farasi Boxer ni mfanyakazi wa Urusi. Nami nilifundishwa hivyo ng'ambo, nikapewa alama nzuri kwa kuyapanga majina katika safu mbili. Usomaji huo si wa makosa, kwani Orwell aliikusudia Urusi. Kasoro yake ni kwamba majina yakishalinganishwa kitabu hufungwa, na swali la msingi halijaulizwa: dhuluma mpya iliingilia mlango gani?

Iliingilia katika maziwa. Mara baada ya ushindi maziwa yanatoweka, kisha matufaha yanatengwa, na vyote ni kwa ajili ya nguruwe. Katika barua ya mwaka 1946 Orwell alieleza kwamba hapo ndipo hadithi inapogeuka. Tuzingatie kuwa mbwa wa Napoleon hawajaonekana bado. Kinachotumika ni maelezo tu: Squealer anawahakikishia wanyama kwamba nguruwe hula vitu hivyo kwa faida ya wote. Baadaye amri za ukutani zinageuzwa kwa kuongezewa neno moja au mawili mwishoni. Clover anashuku, lakini hawezi kuunganisha herufi, na kumbukumbu yake haina shahidi. Punda Benjamin anasoma sawasawa na nguruwe yeyote, ila hataki kusoma. Anapaza sauti siku ambayo Boxer amekwisha kupakiwa katika gari la mchinja farasi. Anasoma maandishi ya ubavuni mwa gari, na gari linaondoka. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo hukumu kali kuliko zote kitabuni, nayo haimhusu Stalin. Inamhusu msomi.

Hapa hatuna budi kukumbuka Kusadikika ya Shaaban Robert (1951). Karama naye yuko mbele ya watawala madhalimu, naye silaha yake ni maneno. Anasimulia, anasikilizwa, anaachiliwa huru. Shaaban Robert aliamini kwamba dhalimu akiusikia ukweli hadi mwisho atabadilika. Orwell anatuonyesha dhalimu ambaye ndiye mwenye maneno.

Lugha yetu inaleta jambo jingine ambalo Kiingereza hakina. Katika Kiswahili mnyama huchukua upatanisho wa mtu: nguruwe amekuja, mkulima amekuja. Wanyama wanapochungulia dirishani katika ukurasa wa mwisho na kushindwa kutofautisha nguruwe na watu, sarufi yetu inakuwa imekwisha kuwachanganya tangu ukurasa wa kwanza. Kwa upande mwingine, farasi kwetu si mnyama wa sulubu. Anayebeba mawe Lamu ni punda, na ndiye methali inayemsingizia kuwa shukrani yake ni mateke. Msomaji wa pwani atamhurumia Boxer, lakini kwa akili zaidi kuliko kwa mazoea.

Pamoja na ufanisi huo, istiara hii ina udhaifu ambao wahakiki wengi wameupita kimya. Katika dibaji ya tafsiri ya Kiukraini (1947), Orwell alisema wazo lilimjia alipomwona mtoto akimchapa farasi mkubwa wa mkokoteni; akafikiri kwamba wanyama wangeijua nguvu yao tusingewaweza. Ni picha nzuri, lakini inageuza tabaka kuwa maumbile. Mfanyakazi asiyesoma amenyimwa shule, Boxer hakunyimwa. Alifundishwa, akakwama kwenye herufi ya nne kwa kuwa ubongo wake umeishia hapo. Nguruwe nao ni werevu kwa kuzaliwa. Sisi tuliowahi kuambiwa na mkoloni kwamba akili zetu zina kikomo hatuwezi kuupokea mpango huo bila kuuhoji. Orwell, aliyekuwa polisi wa kikoloni Burma tangu 1922 hadi 1927 na akaichukia kazi hiyo, bila shaka hakukusudia maana hiyo. Hata hivyo, imo.

Tena imo kwa namna iliyowafaa wengine. Filamu ya katuni ya mwaka 1954 iligharimiwa kwa siri na shirika la ujasusi la Marekani. Humo mwisho umebadilishwa: wanyama wanainuka na kuwashambulia nguruwe. Karamu ya mwisho ipo, lakini wakulima wameondolewa mezani. Wamebaki nguruwe peke yao.